Vijidudu Vyetu, Maghala ya Wenzetu

Mwaka 2011 mashirika ya kimataifa ya kilimo na ya afya ya mifugo yalitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Mpaka leo huo ndio ugonjwa pekee wa wanyama ambao binadamu amefaulu kuufuta kabisa, na wafugaji wa ukanda huu wana kumbukumbu ya ulivyokuwa: katika miaka ya 1890 ulifyeka ng'ombe wa Wamaasai na wa jamii nyingine nyingi, na njaa ikafuatia. Tunaposimulia ushindi huo huwa tunawataja, na wanastahili, wachanjaji waliofika maboma ya mbali kabisa. Tunamtaja pia Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyetengeneza chanjo yenyewe pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na ambaye mwaka 1999 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Tusichokitaja ni kirusi alichoanza nacho. Kilipatikana Kenya yapata mwaka 1910, kikapewa jina la Kabete O, kikatunzwa na kuhamishwa kutoka mkono wa mtaalamu mmoja hadi mwingine kwa miongo kadhaa. Plowright alikikuza ndani ya seli za figo za ndama, akakihamisha kutoka chombo hadi chombo zaidi ya mara 90, mpaka kikaishiwa ukali lakini kikabaki na uwezo wa kumjengea ng'ombe kinga. Sotoka ilikuwa bado ipo nyikani, kwa hiyo angeweza kutafuta kirusi kingine. Lakini angeanza na kiumbe asichojua tabia zake, na miaka ya majaribio ya waliomtangulia isingemsaidia kitu.

Hoja ninayotaka kuijenga leo ni kwamba nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuwa na ghala la umma la vijidudu na seli, linaloendeshwa kwa fedha ya kudumu ya serikali, lenye sheria inayomtaka kila mtafiti aache humo nakala hai ya alichokipata. Najua ombi kama hili huonekana la anasa mbele ya uhaba wa dawa na msongamano wa madarasa. Naamini ni kinyume chake, na ninaomba nieleze kwa nini.

Kazi ya ghala la namna hii ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Mtafiti anapata bakteria kwenye udongo, kuvu kwenye punje ya hindi, kirusi kwenye damu ya mbuzi, anapeleka sampuli. Watu wa ghala wanaikuza upya, wanahakikisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa na hakijachanganyika na kingine. Kisha wanakigandisha na kukikausha ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa kwa moto, au wanakihifadhi kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambako shughuli zote za uhai husimama bila uhai wenyewe kutoka. Wanaandika kilitoka wapi, lini, kililetwa na nani, kimekuzwa mara ngapi na katika chakula gani. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye sababu halali na vifaa vya usalama anaweza kukiagiza. František Král alianza kutoa huduma hiyo kwa umma mjini Prague mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza walianzisha hifadhi yao ya taifa ya bakteria, NCTC, mwaka 1920. Wamarekani wakafuata mwaka 1925 na taasisi iitwayo ATCC, ambayo siku hizi ipo Manassas katika jimbo la Virginia, na Wajerumani mwaka 1969 na DSMZ, iliyopo Braunschweig. Humo mna bakteria, kuvu, virusi, na pia koo za seli, yaani seli zilizotolewa kwenye mwili wa mtu au mnyama na ambazo zimeendelea kugawanyika chomboni mwaka baada ya mwaka, pengine mwenye mwili alikwisha kufariki zamani.

Anayedhani haya ni mambo ya maprofesa peke yao na aingie maabara ya hospitali yoyote ya rufaa inayopima usugu wa dawa. Mteknolojia anapaka bakteria wa mgonjwa juu ya sahani yenye chakula chao, anapanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa antibiotiki mbalimbali, anaiweka sahani kwenye joto la nyuzi 35 hadi kesho yake. Asubuhi, kuzunguka kila karatasi, anakuta duara tupu ambamo bakteria wameshindwa kuota, naye analipima kwa rula, milimita kwa milimita. Duara kubwa, dawa inafanya kazi. Duara dogo, daktari abadilishe dawa. Lakini atajuaje kwamba zile karatasi hazikuharibika kwa joto njiani, au kwamba chakula cha sahani hakikuchanganywa vibaya? Anajua kwa kupima, sambamba na bakteria wa mgonjwa, bakteria ambaye majibu yake yanafahamika dunia nzima. Anayetumika zaidi ni E. koli namba 25922 wa ATCC, aliyetolewa kwa mgonjwa mjini Seattle mwaka 1946. Kwa dawa ya jentamaisini duara lake linatakiwa liwe kati ya milimita 19 na 26. Likitoka 15, majibu ya jentamaisini kwa wagonjwa wote wa siku hiyo hayawezi kuaminiwa. Kiumbe huyo anafanya kazi ile ile ya jiwe la mizani analotembea nalo mkaguzi wa vipimo sokoni: bila yeye, kila mwenye mizani anasema lake. Kila maabara ya Afrika Mashariki inayopima usugu kwa njia hii, iwe Mwanza, Eldoret au Bujumbura, inategemea kiumbe aliyetunzwa na mtu mwingine ng'ambo kwa karibu miaka 80.

Thamani ya kutunza kwa uaminifu huonekana vizuri zaidi pale ambapo uaminifu huo ulikosekana. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, madaktari walichukua kipande cha uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ridhaa. Seli zake, ambazo maabara ziliziita HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuota nje ya mwili bila kikomo. Zikasambazwa kila mahali, na zilikuwa na nguvu za ajabu: tone moja likidondoka kwenye chombo kisicho chake, baada ya wiki chache chombo kizima ni HeLa. Mwaka 1966 mtaalamu wa vinasaba Stanley Gartler alichunguza koo 20 za seli ambazo wenye nazo waliamini zimetoka kwa watu mbalimbali, akakuta karibu zote zina alama ya kimeng'enya ambayo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ilhali nyingi zilidaiwa kutoka kwa wazungu. Zilikuwa zimegeuka HeLa kitambo. Wengi walikasirika, wakaendelea kuzitumia hivyo hivyo. Leo orodha ya kimataifa ya koo za seli zenye utambulisho wa uongo ina majina zaidi ya 500, na mwaka 2017 watafiti wawili wa Uholanzi walikadiria kwamba makala zaidi ya 32,000 za kisayansi zimejengwa juu ya seli za namna hiyo. Mtu aliandika kuhusu saratani ya koo kumbe anachunguza saratani ya mlango wa kizazi. Fedha zilikwenda, miaka ilikwenda, na pengine wapo wagonjwa waliosubiri dawa ambayo isingeweza kupatikana kwa njia ile. Kwa kiasi kikubwa uozo huo ulienea kwa seli kupeana mkononi, rafiki akimgawia rafiki chupa yenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Maghala yenyewe hayakuwa safi siku zote, maana nayo yalipokea mizigo ikiwa imeshaharibika. Lakini ni maghala, yakishirikiana na wachunguzi kama Gartler, yaliyojenga utaratibu wa kupima alama za vinasaba za kila ukoo wa seli na kuzichapisha ili kila mtu alinganishe.

Kuna faida nyingine ambayo huwezi kuipangia bajeti, kwa sababu wakati wa kutunza hakuna anayejua itakuja kwa sura gani. Bakteria wa kwanza kabisa kwenye daftari la NCTC, namba moja, ni wa kuhara damu. Alitolewa mwaka 1915 kwa askari wa Uingereza aliyefia Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza, akawekwa kwenye hifadhi ilipoanzishwa. Karibu miaka 100 baadaye wataalamu wakafungua kichupa, wakamwamsha, wakasoma vinasaba vyake vyote na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wakakuta tayari alikuwa sugu kwa penisilini. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928! Askari yule alifariki miaka 13 kabla ya dawa hiyo kujulikana, na kijidudu kilichomuua kilikuwa na kinga dhidi yake. Kwa sisi tunaohangaika na usugu wa dawa, taarifa hiyo inabadilisha namna ya kufikiri: matumizi holela ya antibiotiki yanaongeza tatizo, lakini mbegu ya tatizo ilikuwepo kabla hatujagusa kidonge cha kwanza. Hakuna takwimu za hospitali wala kumbukumbu za maandishi ambazo zingeweza kutuambia hivyo. Ilibidi kiumbe mwenyewe awepo.

Sasa tuangalie Afrika Mashariki imechangia nini katika maghala hayo ya wenzetu. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, watafiti wa homa ya manjano walimweka kima wa Kiasia kwenye kizimba juu ya mti. Alipopata homa wakamtoa damu, na ndani yake wakapata kirusi kipya, kirusi cha Zika. Kima alikuwa namba 766, na kirusi kikaitwa MR 766. Takriban miaka 70 baadaye, watoto walipozaliwa Brazil wakiwa na vichwa vidogo kupita kiasi, maabara za dunia zilikimbilia kirusi cha Entebbe ili zipate kitu cha kuchunguzia, na zilikipata kwa kuagiza kwenye hifadhi, hasa ya Marekani. Mlipuko wa chikungunya wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, nao ulitoa kirusi kiitwacho Ross ambacho hadi leo ni kielelezo cha ugonjwa huo. Saratani ya taya ya watoto aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Mulago, hospitali ya mafunzo ya Makerere, ilisafirishwa kwa ndege vipande vipande kutoka Kampala hadi London. Kipande kimoja kilichochelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, kilisaidia mwaka 1964 kugundua kirusi cha Epstein na Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Katika orodha za kuuzia seli utakuta majina yanayosikika kwetu kama ya jirani: Daudi, ukoo wa seli uliotokana na kijana wa miaka 16 wa Afrika Mashariki mwaka 1967, na Namalwa, ambazo kampuni moja ya Uingereza ilizikuza kwenye matangi makubwa kutengenezea dawa ya interferoni. Sayansi imenufaika, na wagonjwa wa mabara yote wamenufaika, jambo ambalo nalifurahia kwa dhati. Lakini mwanafunzi wa Makerere anayetaka kufanya utafiti juu ya saratani ambayo ilielezwa Makerere anajaza fomu ya kununua seli kutoka Virginia.

Wapo watakaosema: sasa tatizo liko wapi? Akiba ipo, inatunzwa vizuri, bei inajulikana, tununue. Hoja hii ina uzito kwa vitu vya kawaida, na sitegemei tuanze kutunza upya kila kitu ambacho Wajerumani wanacho tayari. Ila orodha ya ng'ambo ina kile tu ambacho mtu aliona umuhimu wa kukipeleka. Matatizo yetu mengi yanasababishwa na viumbe wa hapa, na yanatatuliwa na viumbe wa hapa. Mfano ni sumukuvu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa mbele, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 balaa kama hilo likaikumba mikoa ya Dodoma na Manyara, na familia zikazika. Uchunguzi wa mahindi ya Kenya ulipofanywa kwa kuotesha kuvu wenyewe, mmoja mmoja, ilionekana kwamba waliotawala walikuwa wa aina isiyo ya kawaida, inayotoa sumu kwa wingi wa kutisha. Dawa iliyotokana na kazi ya aina hiyo, Aflasafe, inatengenezwa kwa ndugu wa kuvu hao hao wasio na uwezo wa kutoa sumu. Wanapandikizwa kwenye punje za mtama zilizokaangwa, mkulima anamwaga kilo 10 kwa hekta wiki mbili tatu kabla ya mahindi kuchanua, na wale wema wanawahi nafasi shambani kabla ya wabaya. Inayouzwa Kenya ina kuvu wanne, wote wenyeji wa Kenya. Ya Tanzania ilibidi itafutiwe kuvu wa Tanzania. Hakuna ghala la Ulaya ambalo lingetuuzia hao. Ilibidi waokotwe katika mashamba yetu, wapimwe, wachaguliwe, na sasa ni lazima watunzwe bila kubadilika tabia, mwaka hadi mwaka, maana mmoja wao akipotea, dawa yenyewe imepotea.

Pingamizi la pili ni la fedha na umeme, na hili huzungumzwa kwa sauti ya kukata tamaa: nchi ambayo umeme unakatika itatunzaje vitu kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri? Jibu ni kwamba tunavitunza, na tumevitunza kwa muda mrefu. Mbegu za madume ya ng'ombe zinazotumika katika uhimilishaji hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika hapo Usa River karibu na Arusha, Kabete nchini Kenya na Entebbe nchini Uganda. Kutoka huko husafiri kwenye mitungi, nyuma ya pikipiki, hadi kwa mfugaji wa kijijini. Mtungi wa nitrojeni hautaki umeme, unataka kujazwa kwa wakati. Na vichupa vilivyokaushwa havitaki hata hiyo. Kabati la ubaridi wa kiasi linawatosha bakteria wengi kwa miongo. Tazama pia chanjo ya ndigana kali ya ng'ombe, ambayo kwa moyo wangu wote naiona kuwa kazi ya kisayansi ya kujivunia kuliko nyingi. Ilibuniwa Muguga katika miaka ya 1970, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima. Ndani yake mna vimelea hai wa asili tatu, mmoja wa Muguga, mmoja wa Kiambu, na mmoja aliyetokana na Serengeti. Wanakuzwa ndani ya kupe, kupe wanalishwa kwenye masikio ya sungura hadi vimelea wapevuke, wanasagwa, na mchuzi wake unagandishwa. Ndama anachomwa sindano ya vimelea hai na siku hiyo hiyo anapewa oksitetrasaiklini ili augue kidogo tu, apate kinga. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameilipia kwa fedha zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika mwaka 1977, taasisi ikagawanyika, lakini vimelea wale walibaki hai kwenye nitrojeni, na mwaka 2008 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ILRI, kiliweza kutengeneza shehena mpya ya dozi zipatazo milioni moja kutokana na mbegu hizo. Ujuzi tunao. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho, tangu mwaka 1977, kimekuwa na kituo kinachotunza bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde na kumpa mkulima wa maharage na soya mbadala wa mbolea ya chumvichumvi.

Kinachotushinda ni mshahara wa mwaka wa sita. Mradi wa mfadhili unanunua friji nzuri, unalipa mafundi miaka mitatu au mitano, unafungwa. Baada ya hapo hakuna kasma katika bajeti yenye jina la kujaza nitrojeni wala la kumlipa mtu ambaye kazi yake ni kuamsha vijidudu mara kwa mara na kuhakiki kama bado wapo. Nakubaliana na wanaosema kwamba ghala halitajilipia kwa kuuza vichupa; hata DSMZ, pamoja na wateja wake wote, inaendeshwa kwa fedha ya serikali kuu na majimbo ya Ujerumani. Hii ni gharama ya umma kama ilivyo gharama ya kupima ardhi au kutabiri mvua, na Hazina ya serikali haina budi kuitazama hivyo. Anayetaka kuikataa kwa sababu ya ughali ana wajibu wa kuhesabu pia gharama ya kuokota tena, kila baada ya miaka mitano, kitu kile kile tulichokwisha kukipata.

Kuhusu hatari, watu wana haki ya kuogopa. Ghala linalokusanya vimelea vya kimeta na virusi vya homa kali linahitaji kuta, kufuli, na watu waliochunguzwa. Lakini tujiulize vimelea hivyo viko wapi leo. Viko kwenye friji za idara, katika vyuo na vituo vya mifugo, vingine havina hata orodha. Baada ya sotoka kutokomezwa, kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kuvitafuta vichupa vya kirusi hicho vilivyosahaulika duniani kote, viteketezwe au vipelekwe katika vituo vichache vilivyoidhinishwa, kimojawapo kikiwa cha Umoja wa Afrika nchini Ethiopia. Taasisi ya Pirbright ya Uingereza iliteketeza vyake mwaka 2019, ikiwa imekwisha kusoma vinasaba vyake. Iliweza kufanya hivyo kwa utulivu kwa sababu ilijua ina vichupa vingapi na kila kimoja kimekaa wapi. Kwa asiye na daftari, hata kuteketeza hakuwezekani.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la umiliki. Wapo wanaoona kuweka kijidudu kwenye ghala lililo wazi ni kuwafungulia mlango waliokwisha kutuibia. Historia inawapa sababu. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata, katika chemchemi za maji moto za hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, bakteria anayestahimili joto kali, wakamweka ATCC. Karibu miaka 20 baadaye kampuni moja ilimwagiza kutoka humo, ikapata kimeng'enya chake, na kimeng'enya hicho ndicho kilichoifanya teknolojia ya kurudufu vinasaba, ile ya vipimo vya PCR ambavyo dunia nzima ilivijua wakati wa korona, iwe rahisi na ya haraka. Haki za teknolojia hiyo ziliuzwa kwa dola milioni 300. Yellowstone haikupata senti. Hapa kwetu, mwaka 2004, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani sehemu ya mapato ya kampuni ya Genencor, likisema vimeng'enya vya kupausha nguo za jinzi vilitokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vilivyochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 bila kibali chake. Mabishano yalihusu nani alitoa ruhusa gani, kwa sampuli ipi, na upande wa Kenya haukuwa na nakala ya kiumbe mkononi ya kuweka mezani. Mimi napata funzo tofauti na la wanaotaka kufunga mlango. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inampa haki mwenye rasilimali, lakini haki hiyo inadaiwa kwa ushahidi: kiumbe fulani, kilichochukuliwa mahali fulani, tarehe fulani, kwa mkataba fulani. Ushahidi huo unatengenezwa ghalani. Aidha, anayeomba hataza ya uvumbuzi unaohusu kijidudu hutakiwa, chini ya Mkataba wa Budapest wa mwaka 1977, kukiweka katika hifadhi inayotambuliwa kimataifa, na katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna hifadhi hata moja yenye hadhi hiyo. Mvumbuzi wetu analazimika kuupeleka uvumbuzi wake ng'ambo ili aulinde.

Lipo jingine ambalo vijana wa kompyuta hulisema: soma vinasaba, hifadhi herufi, kiumbe wa nini? Herufi ni muhimu, na virusi vidogo vinaweza hata kuundwa upya kutokana nazo. Lakini kuvu wa Aflasafe hafanyi kazi akiwa ndani ya kompyuta, wala herufi hazituambii kwa hakika kiumbe atastahimili ukame wa Kongwa au la. Na kirusi cha Zika cha mwaka 1947 kinatupa tahadhari nyingine: kilihamishwa karibu mara 150 kwenye ubongo wa vitoto vya panya, kikabadilika njiani, na waliokichunguza mwaka 2016 walilijua hilo kwa sababu historia yake ya kuhamishwa ilikuwa imeandikwa.

Kwa hiyo nipendekeze njia. Tume za sayansi, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi, tayari zinatoa vibali vya utafiti. Ziweke sharti kwamba kibali hakifungwi, na shahada ya uzamili au uzamivu haitolewi, mpaka nakala ya kila kijidudu kilichoripotiwa iwe imepokelewa na kuhakikiwa. Nakala ya pili ikae katika nchi nyingine mwanachama, ili moto au vita vikiikumba moja, nyingine ibaki. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya iliyopo Kigali inaweza kuwa na daftari moja la wote, na Bunge la Afrika Mashariki lipitishe kasma ya mishahara isiyoishia na mradi wowote. Na kabla ya jengo lolote kujengwa, watumwe watu wapite katika friji za vyuo na vituo vya utafiti, kuanzia kwa wataalamu wanaokaribia kustaafu, waandike kila kichupa kina nini wakati aliyekiweka bado yupo wa kuulizwa.